Amani ya Kongo isiachiwe Washington

Juni 27, 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani Washington. Tunauunga mkono: watu wa Goma, mji uliotekwa na waasi wa M23 Januari mwaka huo, wamechoka kukimbia risasi huku magodoro yakiwa kichwani.

Lakini Marekani haikuficha kwamba inayataka madini ya Kongo. Msuluhishi anayeitamani mali inayogombewa asiachiwe shauri peke yake. Majirani nao wana nafasi yao: Februari 8, 2025 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), wakiwa Dar es Salaam, waliagiza mapigano yasitishwe, lakini hayakusitishwa. Wakuu hao warudi mezani. Kigali iondoe wanajeshi wake Kongo, Kinshasa iwadhibiti wapiganaji wa FDLR wanaoipinga Rwanda.