Mikataba ya Uwekezaji: Nani Atia Sahihi kwa Niaba Yetu?



Tarehe 13 Septemba 1999 Serikali ya Kenya ilitia sahihi mkataba na Uingereza wa kulinda mali za wawekezaji. Wakati ule hapakuwa na sheria iliyoilazimisha kuuleta kwanza mbele ya Bunge. Uzito wake ulidhihirika mwaka 2015, pale kampuni ya Cortec na wenye hisa wake wa Uingereza walipoishtaki Kenya mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Walidai zaidi ya dola bilioni 2 kwa kupokonywa leseni ya madini ya Mlima Mrima, Kwale. Mwaka 2018 Kenya ilishinda, kwa kuwa leseni hiyo haikufuata sheria zetu za mazingira. Lau tungalishindwa, mchuma chai wa Imenti na mkulima wa kahawa wa Runyenjes wangalilipa kupitia kodi.

Twaambiwa kwamba pasipo mikataba hii kampuni hazivuki mipaka. Mambo yenyewe hayashuhudii hivyo. Brazil ilikaa miaka mingi bila kuidhinisha hata mmoja wa namna hii, na wawekezaji waliendelea kumiminika. Benki ya KCB iliingia Tanzania mwaka 1997, miaka miwili kabla ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kutiwa sahihi. Mwekezaji hufuata soko, barabara, umeme na mahakama za haki. Mkataba humwongezea ngao tu; na wengine husajili kampuni katika nchi ya tatu ili waipate ngao hiyo.

Hatuupingi uwekezaji, twaupinga usiri. Askofu David Gitari, ambaye dayosisi yake iliwahi kuzijumuisha Embu na Meru, aliukemea uchaguzi wa mlolongo kwa sababu uliunyang'anya umma sauti. Mkataba unaofungwa gizani hunyang'anya sauti ile ile.

Leo tunayo Katiba ya 2010 na Sheria ya Mikataba ya 2012, zinazotaka Bunge liidhinishe na wananchi washirikishwe. Basi makanisa na vikundi vyetu vimwulize kila mbunge: Mkataba huu wamlinda nani? Kesi itasikizwa wapi? Tutajitoaje ukitudhuru? Esau aliuza haki yake kwa mlo mmoja. Sisi tusiuze yetu kwa sahihi tusiyoisoma.