Kusafisha Panga la Kibanja

Mtunza farasi hodari huosha brashi kabla ya kuitumia kwa farasi wa pili, kwa kuwa choa huhama na nywele zilizonasa. Katika Bukoba na Muleba farasi ni adimu. Brashi yetu ni panga. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria wa migomba ulikuwa umekwisha kuingia Kagera, na panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka utomvu wenye vijidudu katika mgomba mzima.

Kulipangusa kwa jani si kusafisha. Kama dawa ya klorini ni ghali, tumieni moto: osheni utomvu na udongo, kisha geuzeni bapa la panga juu ya moto hata lisiweze kuguswa kwa mkono. Ua dume lisikatwe kabisa. Livunjwe kwa mti wenye panda.

Mimi naona hatari kubwa ni panga la kibarua, aliyetoka kibanja kingine asubuhi ile ile. Wako waonao haya kumwambia alipitishe motoni, wakidhani watamvunjia heshima. Haya hiyo haifai: watakaokosa ndizi ni watoto wa mwenye kibanja. Yafaa kuweka panga moja lisilotoka kibanjani, kibarua alikute mlangoni, na maneno yaishe.