Kunukia marashi hakumwondolei mama ukimbizi wake

GOMA – Alifika saa kumi na moja asubuhi, mtoto mmoja mgongoni, wengine wanne wamebaki nyumbani kwa watu waliompokea. Mama huyu alikimbia vita kutoka vilima vya Kalehe, na asubuhi ile alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: jina lake liingie kwenye orodha ya watakaopewa unga, maharagwe na mafuta. Zamu yake ilipofika, kijana mwenye daftari aliinua kichwa, akavuta hewa puani, akatabasamu. Akamwambia kwamba mtu mwenye pesa ya marashi hana haja ya unga, awapishe wenye shida. Watu kwenye mstari wakacheka. Mama akaondoka bila jetoni.

Kartie ilikotokea hiyo haitatajwa hapa, wala shirika lililokuwa likiandikisha, kwa sababu kijana yule hakusema la kwake peke yake. Maneno hayo yanasikika kwenye bomba la maji, mlangoni mwa kanisa, na hata ndani ya nyumba zilizowapokea wakimbizi. Deplase gani anajipaka marashi? Anayeuliza hivyo huwa hangojei jibu.

Hukumu hii ina chanzo chake. Hadi mwanzo wa mwaka 2025, mkimbizi wa vita huku Goma alitambulikana kwa macho. Alikuwa Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya au Rusayo, chini ya bashe, juu ya mawe ya volkano. Bashe ndiyo ilikuwa ushahidi wake. Februari 2025 kambi zikabomolewa. Wengine walirudi vijijini, wengine walikuta hakuna cha kurudia, wakaingia kwa ndugu, kwenye makanisa, kwenye vyumba vya kupanga ambamo familia tatu zinalala. Sasa mkimbizi na mwenyeji wanatoka mlango mmoja asubuhi. Mwenye daftari hana tena bashe ya kuangalia, basi anaangalia viatu, anaangalia nywele, na siku ile alitumia pua.

Pua ile ilinusa nini hasa? Chupa yenyewe ni ndogo kama kidole, ilinunuliwa Birere kwa franka 2500, pesa iliyotoka kwenye kufua nguo za watu. Si marashi ya kisasa. Wasichana wa leo wanapenda yale matamu, yenye vanila na sukari, au yale mazito ya udi yanayoletwa kutoka Dubai. Haya ni ya mtindo wa zamani, wa wakati wa bibi. Ukifungua kifuniko, kwanza inakuja harufu kali ya majani mabichi, kama mtu amevunja shina la mmea mkononi. Wengi hunusa hapo tu, wanakunja uso na kumrudishia muuzaji chupa. Wanakosea. Ngoja nusu saa juu ya ngozi, ule ukali unatulia, na ua jeupe linatokea: ua la mchungwa. Jioni inabaki harufu ya sabuni safi na ya kitambaa kilichoanikwa juani.

Mama wa Kalehe hakuyachagua kwa sababu ya mchungwa. Aliyachagua kwa sababu ya kahawa. Kwao alikuwa na shamba la kahawa, si kubwa. Mtu aliyekulia kwenye kahawa ya Kivu anajua jambo hili ambalo mtu wa mjini halijui: mvua ikirudi baada ya kiangazi, mibuni inachanua kwa pamoja, kilima kinakuwa cheupe kama kimemwagiwa unga, na harufu inaingia hadi ndani ya nyumba. Haidumu. Baada ya siku chache maua yamekuwa ya kahawia na yameanguka. Mbuni na mchungwa si miti ya ukoo mmoja, lakini maua yake yanakaribiana puani, na asimini iko hapo kando yao. Muuzaji wa Birere alimpakia tone moja kwenye mkono, na yeye akarudi shambani kwake kwa muda mfupi ambao hakuna gari la kumfikisha.

Ndiyo maana neno anasa halifai hapa. Shamba limebaki huko, nyumba imebaki huko, mbuzi wamekwenda na wengine. Alichoweza kununua ni harufu ya msimu mmoja, kwa franka 2500.

Na ieleweke kwamba ndani ya chupa ile hakuna ua hata moja. Ua linalotumiwa kwa marashi ya kweli ni la mchungwa wa machungwa machungu, ule ambao watu wa pwani wanauita mdanzi. Huko Nabeul, nchini Tunisia, maua hayo yanachumwa kwa mkono wakati mti unapochanua, kati ya Machi na Aprili, na sehemu kubwa ya wachumaji ni wanawake. Yanachemshwa, mvuke unapozwa, na mafuta kidogo yanaelea juu ya maji. Inahitajika karibu tani nzima ya maua ili kupata kilo moja ya mafuta. Mafuta hayo yanaitwa neroli, kwa jina la mji mdogo wa Italia, Nerola, ambako mke wa bwana wa mji katika karne ya 17 aliyapenda hata akawa anayapaka kwenye glavu zake. Maji yanayobaki nayo hayatupwi. Watu wa Afrika Kaskazini wanayatia kwenye keki na kwenye kahawa. Tani moja kwa kilo moja: hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba chupa ya Birere imetengenezwa kwa dawa za maabara. Kijana mwenye daftari alidhani amenusa utajiri. Alinusa kemia ya bei ndogo.

Bado kuna jambo jingine ambalo kijana yule hangeweza kulijua, na linafaa kusemwa kwa wasikilizaji wote. Mtindo huu wa marashi ya kijani ulipata jina lake kubwa katika nchi iliyotoka vitani. Mwaka 1947, mjini Paris, mwanamke mmoja, Germaine Cellier, alitengeneza marashi kwa ajili ya nyumba ya Balmain. Yaliitwa Vent Vert, yaani upepo wa kijani. Alitia ndani kwa wingi utomvu wa mmea uitwao galbanum, unaotoka upande wa Iran, ambao unanuka kama majani yaliyopondwa, akaweka na maua juu yake. Watengenezaji marashi wanawake walikuwa wachache sana wakati huo. Na Ufaransa ya mwaka huo haikuwa Ufaransa ya kwenye televisheni. Mkate ulikuwa bado unatolewa kwa tiketi, na uliendelea kutolewa hivyo hadi 1949. Watu walisimama kwenye mistari na karatasi mkononi, kama huku. Ni kweli, chupa ya Vent Vert haikuwa ya mama wa mstarini. Ilikuwa ya wenye pesa. Lakini watu walioona nyumba zikibomolewa kwa mabomu walitaka kunusa majani mabichi, na hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo vita haikuwagusa.

Kuna watakaojibu kwamba Paris iko mbali. Basi waende Bethania, ambako kila mkristo amekwisha kufika kwa kusikia mahubiri. Mwanamke alichukua nardo ya bei kubwa, akaimimina miguuni pa Yesu, nyumba nzima ikanukia. Yuda akauliza kwa nini marashi hayo hayakuuzwa kwa dinari 300 na pesa wakapewa maskini. Ni swali zuri kwa sikio, na linafanana sana na lile la mwenye daftari. Injili ya Yohana haikumficha muulizaji: inasema hakuwa na uchungu wa maskini, ila yeye ndiye aliyeshika mfuko wa pesa, na alikuwa akiiba. Yesu akaagiza mwanamke aachwe. Kila mahali panapogawiwa msaada kuna minong'ono juu ya jetoni zinazouzwa na majina ya ndugu yanayoingizwa usiku. Wanaolinda orodha kwa pua wangeilinda kwanza hapo.

Kusema haya si kusema kwamba marashi yaende mbele ya chakula. Mama mmoja wa kartie hiyo hiyo, naye mkimbizi, alipinga kwa ukali: mtoto wake ana utapiamlo, na franka 2500 kwake ni unga wa siku. Hoja yake ni nzito, na hakuna wa kumcheka. Ila yeye anapanga pesa yake mwenyewe, na ana haki hiyo. Mama wa Kalehe naye ana haki hiyo hiyo juu ya pesa aliyoipata kwa mikono iliyochubuka na sabuni. Mkimbizi anaponyimwa hata kuchagua atumie vipi franka 2500 alizozitolea jasho, amerudishwa kuwa mtoto, na watoto wake wanaona.

Halafu kuna upande wa wanaume, ambao kwenye mstari ule haukutajwa. Haijasikika hata siku moja mwanaume amefutwa kwenye orodha kwa sababu ananuka kasiksi. Baba anakuja saa tatu asubuhi macho mekundu, anaandikwa, anapewa pole ya vita. Sigara mdomoni, anaandikwa. Mama ananukia ua, anafukuzwa. Kama harufu ni kipimo cha shida, basi kipimo hicho kinapima jinsia moja tu.

Wasaidizi wenyewe wanajua, angalau kwenye karatasi, kwamba mwanamke hali unga tu. Ndiyo maana katika misaada kuna ule mfuko wa vifaa vya usafi vya wanawake: sabuni, pedi, nguo za ndani, kitenge, ndoo. Wameuita mfuko wa heshima. Hauna marashi, na si lazima uwe nayo. Lakini mtu anayegawa mfuko wenye jina hilo mkono mmoja, na mkono wa pili anamfukuza mama kwa kuwa safi, angeulizwa neno heshima alilisoma wapi.

Jambo hili linawagusa pia wanawake ambao hawakufukuzwa. Baada ya siku ile, mama wengine wa mstari ule walianza kujitayarisha kwa namna mpya kabla ya kwenda kuandikishwa. Wanavaa kitenge kilichochanika kuliko kile walicho nacho. Hawapaki mafuta miguuni. Mmoja alimwacha mtoto bila kumwosha. Wamejifunza kwamba shida ya kweli haitoshi, inabidi ionekane, na hata inuke. Orodha inayofundisha watu kujichafua itajaa waigizaji, na wale wasiojua kuigiza watabaki nje na njaa yao.

Njia nyingine ipo na haihitaji pesa. Mwenye daftari aulize: ulitoka kijiji gani, chefu wako nani, mlikimbia mwezi gani, mlipitia njia gani, nani aliyetoka huko anakufahamu? Mtu wa Kalehe atamtambua mtu wa Kalehe kwa maswali matatu. Chefu wa avenyu anajua nani amefika lini na analala kwa nani. Kazi hii inachukua dakika tano kwa kila mtu, ni kweli, na mstari ni mrefu. Kunusa kunachukua sekunde moja.

Kwa mama wanaopenda kujipaka, kuna mambo madogo ya kuangalia, na haya hayahusu orodha yoyote. Marashi mengi ya kupuliza yana spiriti ndani, na spiriti inashika moto haraka; chumba kimoja chenye mbabula, mshumaa na watu wanane si mahali pa kupulizia. Anayenyonyesha asipake kifuani, mtoto atalamba. Yenye ndimu au bergamoti ndani yasipakwe kwenye ngozi itakayokaa juani, yanaweza kuacha alama. Mahali pazuri ni kwenye pindo la kitenge, au nyuma ya masikio, tone moja. Na kwenye chumba cha wagonjwa au penye mtu wa pumu, bora yabaki kwenye chupa. Kwa mwenye pumu harufu kali si raha.

Mama wa Kalehe aliandikwa wiki iliyofuata. Wanawake wawili waliotoka kijiji kimoja naye walikwenda kushuhudia, na chefu wa avenyu akatuma karatasi yenye muhuri. Kijana mwenye daftari alikuwa yule yule, aliandika jina bila kuinua macho, akampa jetoni. Chupa bado iko, imefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkebe wa maziwa uliobaki tupu. Siku hiyo ya pili alikwenda bila kujipaka.