Nani Atamwambia Kwamba Uzi Umeonekana?

Mwimbaji wa taarabu akikosea ubeti mmoja katika harusi ya Kibokoni, habari za kosa lake humtangulia kufika nyumbani. Mpishi akizidisha chumvi katika biriani ya watu mia mbili, akina mama watamwambia kabla masufuria hayajaoshwa. Seremala akichonga nakshi ya mlango ikaenda upande, wazee wa barazani watausimamia mlango ule, watainamisha vichwa, na mwenyewe atasikia. Ndio mji wetu wa Mombasa huu, msomaji, mji wa watu wasioweza kunyamaza mbele ya kazi mbovu. Lakini yuko fundi mmoja ambaye katika mji huu huu hakosolewi na mtu. Naye ni mchezaji wa mazingaombwe.

Sisemi kwamba hazomewi. Watoto humzomea, na wahuni wa nyuma humwambia arudishe pesa. Kuzomewa si kukosolewa. Kukosolewa ninakokusema ni kule kunakotoka kwa mwenziwe wa kazi, ajuaye ugumu wa kazi ile, akamwambia hapa umeteleza na sababu yake ni hii. Hilo kwa watu wa mazingaombwe wa hapa kwetu ni adimu kama mvua ya Januari.

Kazi yenyewe ina viwanja vichache. Kuna maskuli, ambako watoto hukusanywa ukumbini wakaonyeshwa leso ikigeuka rangi na karatasi ikigeuka noti. Kuna mahoteli ya ufukweni, Nyali, Bamburi na kusini Diani, ambako mtalii aliyekwisha kula hupenda kuchezewa kitu asioneshwe maana yake. Na kuna siku za Idi, pale Makadara panapojaa pembea na vibanda na vumbi. Katika kiwanja hicho cha mwisho nilipata kusimama na wachezaji wawili wa mahotelini tukimtazama mwenzao akiinua kitambaa hewani bila ya kukigusa. Jua la alasiri lilikuwa limeshuka, na uzi ukameta. Uliona wewe, ningeliona mimi, wakauona na watoto wa mbele. Wale wawili wakatazamana, wakanyamaza.

Nikawauliza baadaye, mbona hawakumwendea kumwambia kwamba saa ile ya jua uzi ule hautumiki, au ageuze kiwanja ampe jua mgongo. Mmoja akanijibu, "Ya mwenziwe mtu hayasemwi, bwana. Leo nikimwambia lake, kesho atakuja kuniambia langu, na langu lina watu wanaonilipa."

Jawabu hilo lina mambo mawili ndani yake, nayo yafaa tuyapambanue.

La kwanza ni siri. Kazi hii yote ni siri, na mtu hawezi kukosoa asichokiona. Ukitaka nikwambie kwa nini sanduku lako linachelewa kufunguka, huna budi kunifungulia nilione tumbo lake. Ukilifungua, umenipa chakula chako. Kwa hivyo kila mmoja hulala na sanduku lake chini ya kitanda, na kosa lake limo humo pamoja nalo.

La pili ni zito zaidi, na kwetu sisi watu wa pwani ndilo kubwa. Ni kile kivuli cha sihiri. Mchezaji wa London au wa New York akipanda jukwaani, mtazamaji anajua kwamba anadanganywa kwa ufundi na ameilipia hadaa hiyo. Hapa kwetu mchezaji huacha mlango wazi kidogo. Hasemi kwamba ana majini, wala hasemi kwamba hana. Huvaa hirizi, hunong'ona maneno yasiyosikika, na wale walio na hofu humlipa kwa hofu yao. Sasa mtu wa namna hiyo utamkosoaje? Ukimwambia "bawaba yako imelia," umesema mbele za watu kwamba ni bawaba. Ufundi ndio unaokosoleka, na yeye hajakiri kwamba anao. Hata serikali ya kikoloni ilipotunga sheria yake ya uchawi mwaka 1925 iliwalenga wanaojidai kuwa na nguvu hizo, na tangu hapo mwenye kujidai ana sababu moja zaidi ya kutozungumza waziwazi juu ya kazi yake.

Jambo hili si letu pekee. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mchezaji wake mkubwa, Jean Eugène Robert-Houdin, mtu aliyetoka katika ufundi wa saa, kwenda kuwaonyesha wenyeji kwamba mazingaombwe ya Mfaransa yashinda ya masharifu wao. Alikuwa na kisanduku ambacho mtoto aliweza kukiinua, kisha mtu wa miraba minne akashindwa kukitikisa. Chini palikuwa na sumaku ya umeme. Tazama basi, fundi hodari wa vyuma na nyaya anageuzwa mjumbe wa utawala kwa sharti la kuuficha ufundi wake. Na miaka mingi baadaye kijana mmoja aliyezaliwa Budapest alilipenda jina la mzee huyo hata akalichukua, akajiita Houdini. Mwaka 1908 kijana huyo, naye amekwisha kuwa maarufu, akatoa kitabu kizima cha kumvua nguo Robert-Houdin, kwamba michezo yake mingi aliwaiba wengine. Mzee alikuwa amekufa tangu 1871. Yako mambo ya kweli na yasiyo ya kweli katika kitabu kile, lakini kama ukosoaji kimekuja kwa mlango mbaya. Maiti hawezi kutengeneza mchezo wake.

Nimetafuta sana hapa kisiwani aliye na ulimi wa kweli katika jambo hili, nikampata mahali nisipopatarajia. Si mchezaji. Ni fundi seremala wa Mji wa Kale, mtu mzima, ambaye kazi yake ya siku zote ni makasha na vitanda, na kwa miaka mingi amekuwa akiwatengenezea watu wa mazingaombwe masanduku yao. Hataki jina lake litajwe, na nimempa ahadi. Karakana yake ina harufu ya mti wa mvule na vanishi, na nyuma ya mlango ana kioo kirefu ambacho nilidhani ni cha kuuzwa.

Kioo kile ni cha kazi. Kijana akija kuchukua sanduku, fundi humwambia alichezee pale pale, mbele ya kioo, na yeye mzee huketi kwenye kigoda chini, mahali pa mtoto. "Watu wazima hutazama mkono," aliniambia. "Mtoto hutazama miguu ya meza. Mtoto ndiye atakayekufedhehesha."

Siku moja nilikuwapo. Kijana alitaka kitako cha pili cha sanduku kiwe chembamba zaidi ili kisionekane. Fundi akakiweka randa chini, akamtazama.

"Mwanangu, kitako kina unene wa kutosha. Kinachoonekana ni wewe. Ukifika hapo unashusha pumzi."

"Mzee, nimeufanya mchezo huu mara mia."

"Ndipo umezoea kushusha pumzi mara mia. Mimi sijui kucheza, lakini najua sanduku langu halisemi neno. Lifanye tena."

Kijana alikasirika, nikaona shingo yake. Lakini akalifanya tena, na tena, na mara ya nne yule mzee akaitika kwa kichwa tu. Hakumsifu. Wala hakumteremshia bei.

Ukiyatazama maneno yale utaona kwa nini yaliweza kupokewa. Fundi hashindani na kijana kwa kiwanja cha hoteli. Siri ya sanduku anayo tayari, maana kaichonga kwa mikono yake. Na hakumwambia "huwezi". Alimwonyesha mahali penyewe na pumzi yenyewe. Wengi wetu tukitaka kukosoa twaanza na mtu, kisha tukipata nafasi twafika kwenye kazi.

Pengine msomaji atasema, kuna hasara gani? Uzi umeonekana, watoto wamecheka, maisha yanaendelea. Nitampa kisa cha mtu ambaye maisha yake hayakuendelea. Aliitwa William Robinson, Mmarekani, na kabla ya kuwa na jina alikuwa mjenzi na msaidizi wa nyuma ya pazia kwa wakubwa wa zama zake, Kellar na Herrmann. Baadaye akajigeuza Mchina, akajiita Chung Ling Soo, akawa haongei Kiingereza jukwaani. Mchezo wake mkubwa ulikuwa wa kudaka risasi. Wasaidizi wawili walimlenga kwa magobore, na yeye akazidaka risasi kwa sahani.

Siri ilikuwa katika magobore. Moto ulielekezwa kwenye mfereji wa chini, ule wa kuwekea mdeki, ukawasha baruti iliyokuwa humo. Mtutu wenye risasi haukulipuka. Robinson alizishughulikia silaha hizo mwenyewe, na badala ya kuzifyatua ili kuzitoa risasi, alikuwa akikifungua kitako cha mtutu na kuitoa risasi kwa nyuma. Kufungua huko mwaka baada ya mwaka kukakila chuma, baruti laini ikapata njia ya kupenya. Usiku wa tarehe 23 Machi 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire huko London, gobore moja lililipuka kweli. Akafa siku ya pili yake. Mtaalamu wa bunduki aliyezichunguza baadaye aliliona kosa hilo. Nami nasema hivi: jicho kama lile lingeliweza kuliona mwezi mmoja kabla, lakini silaha zile hazikuwa zikifunuliwa kwa jicho la mtu mwingine.

Hapa kwetu hatudaki risasi, alhamdulillahi. Lakini nimewaona wanaomeza moto, na wanaofungiwa ndani ya makasha yasiyo na tundu la hewa. Vijana wa sarakasi, ambao mji huu umewatoa wengi na wazuri, hawana tabia hii ya kunyamaziana. Aliye chini akikanyagwa vibaya begani hupiga kelele papo hapo, maana wote wataanguka.

Mombasa haikukosa mfano wa kufuata. Muyaka bin Haji, aliyeishi hapa baina ya 1776 na 1840, ametuachia mashairi mengi ya kujibizana, na desturi ya washairi wetu mpaka leo ni kwamba anayetaka kumrudi mwenziwe amjibu kwa shairi. Desturi hiyo ina busara kubwa. Mkosoaji hulazimika kuionyesha kazi yake mwenyewe, ili naye apimwe kwa mizani ile ile. Na kipimo hakikuwa siri. Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria za kutunga mwaka 1954. Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, ilitoka mwaka 1971 chini ya uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin. Mulokozi na Kahigi walipokuja mwaka 1979 na hoja kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi, mabishano yalikuwa makali, lakini kila mbishani alijua kinachobishaniwa. Watu wa mazingaombwe wa Uingereza nao walijaribu kitu kama hicho. Chama cha Magic Circle kilianzishwa London mwaka 1905, na anayetaka kuingia hutahiniwa na wenzake. Na mwaka 1911 Nevil Maskelyne na David Devant wakatoa kitabu cha kueleza mchezo mzuri ni upi na kwa nini.

Tusijidanganye hata hivyo. Mji huu una na desturi ya pili. Vyama vya lelemama vya akina mama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana hapa katika karne iliyopita kwa nyimbo zilizokuwa zikichoma, na nyimbo zile zilikusudiwa kumkomoa mpinzani. Mimi ni mpenzi wa vijembe, lakini kijembe hakijapata kumfundisha mtu kucheza. Nachelea kwamba vijana wa leo, wanaojifunza viinimacho katika simu peke yao vyumbani, wamerithi kijembe bila ya jibu la vina. Kijana akionyesha mchezo wake huambiwa ni mkali, au ni mwongo, au ni shetani. Hakuna amwambiaye kwamba kidole gumba kimejitokeza.

Nilimuuliza yule fundi kama angekubali karakana yake itumike jioni moja kwa mwezi, milango ikafungwa, wachezaji wakaonyeshana kazi na kuambiana. Alifikiri, akapangusa vumbi la mbao gotini. Akasema atakubali kwa sharti moja, kwamba kila ajaye aje na sanduku lake, na aligeuze upande wa nyuma uwatazame wenziwe kabla ya yeye kusema neno juu ya sanduku la mtu mwingine.

Nikaipeleka habari hiyo kwa wachezaji watatu. Wawili walitaka kwanza kujua nani mwingine atakuwapo. Wa tatu aliniuliza kama sanduku lazima liwe lile analolitumia.