Vielelezo vya tarakilishi visigeuzwe kaburi la injini za mvuke

KATIKA Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, hatua chache kutoka kituo kikuu cha treni, zimesimama injini mbili kubwa za mvuke zenye majina ya milima ya Tanzania: Mount Gelai na Mount Shengena. Ndizo pekee zilizosalia kati ya injini 34 za daraja la 59, ambazo kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, iliunda mnamo 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki.

Nyingine zote, zikiwemo Mount Elgon na Mount Kilimanjaro, ziliishia kuwa vyuma vikuukuu. Hata Mount Kenya, injini ya kwanza katika orodha hiyo, haikusazwa. Mlima wenyewe ungali pale pale, ila injini iliyobeba jina lake haipo tena.

Kwa upande mwingine, wapenzi wa reli katika mataifa mengi wanazidi kuunda upya injini za aina hii ndani ya tarakilishi. Tangu 2001, zilipozinduliwa programu za Trainz kutoka Australia na Train Simulator ya kampuni ya Microsoft, mtu aliye mbali kabisa na reli anaweza kuketi chumbani mwake na kuendesha treni iliyokoma kutembea kabla hajazaliwa. Swali linalopasa kuulizwa ni hili: injini za Afrika Mashariki zitakapoingizwa katika kumbukumbu hizo, zitaundwa kwa ushahidi gani, na wa nani?

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, ni muhimu kukumbuka injini hizi zilikuwa za namna gani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ni reli nyembamba. Upana kati ya pau zake ni mita moja tu, ilhali reli ya kisasa ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435. Reli nyembamba ilijengwa kwa gharama nafuu na kupinda kwa urahisi milimani. Hata hivyo, iliwapa wahandisi kitendawili: injini yenye nguvu nyingi huwa nzito na ndefu, nayo injini nzito na ndefu huumiza pau na kushindwa kukata kona.

Jawabu lilitoka kwa mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt. Alilitundika boila katikati, juu ya daraja la chuma, na kuliegemeza kwa magari mawili, moja mbele na jingine nyuma. Kila gari lina silinda na magurudumu yake, na hujipinda peke yake kwenye kona. Injini ya kwanza ya mtindo huo iliundwa na Beyer Peacock mwaka 1909 kwa ajili ya reli nyembamba ya kisiwa cha Tasmania.

Daraja la 59 ndilo lililofikisha mtindo huo kileleni katika reli ya upana wa mita moja. Injini moja ilikuwa na uzito wa takriban tani 250, urefu wa zaidi ya mita 31 na magurudumu 28. Iliweza kuvuta mzigo wa takriban tani 1,200 kutoka Mombasa, karibu na usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu yake.

Kuiunda upya injini kama hiyo katika tarakilishi si mchezo wa watoto. Mwundaji huanza na michoro ya kihandisi na picha, kisha hujenga umbo la pande tatu, kipande baada ya kipande. Lazima magari yale mawili yajipinde kila moja kwa wakati wake, la sivyo injini itapita kwenye kona kama ubao. Baadaye huja rangi, kutu, masizi na mwendo wa vyuma vinavyosukuma magurudumu.

Kwa bahati njema, kumbukumbu za Beyer Peacock hazikupotea kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 1966. Zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda mjini Manchester. Kwa hivyo, mtu aliye Ulaya anaweza kuunda kielelezo cha Mount Gelai bila kukanyaga Nairobi.

Na hapo ndipo penye tatizo. Mchoro husema injini ilivyotoka kiwandani, wala hausemi ilivyoishi. Karakana hubadilisha vipuri, huziba, huongeza na kupunguza. Aidha, mchoro hauna sauti. Katika injini ya Garratt, pumzi za magari yale mawili hazifuatani daima. Mara huungana, mara huachana. Dereva mzoefu husikiliza na kutambua mengi kabla hajatazama kipimo chochote.

Maarifa hayo yamo vichwani mwa watu, na watu hao wanazeeka. Injini za daraja la 59 ziliondolewa kazini kufikia mwaka 1980, miaka mitatu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 25 wakati huo, akitunza moto wa mafuta katika mteremko wa Mazeras, leo amefikia miaka 70. Wakubwa wake wengi wameshatangulia mbele ya haki.

Kosa litakaloingia katika kielelezo wakati huu, watu hao wakiwa hai, linaweza kurekebishwa. Kosa litakalobaki baada yao litageuka ukweli, kwa kuwa hatakuwepo wa kulipinga.

Wapo watakaouliza iwapo taifa lenye uhaba wa dawa hospitalini lina haja ya kugharimia vyuma vya mkoloni. Hoja hiyo ina uzito, lakini gharama inayozungumziwa si kubwa. Programu ya Blender, inayotumiwa kuunda maumbo ya pande tatu, hutolewa bila malipo. Kamera, kinasa sauti, utepe wa kupimia na wanafunzi wachache wa vyuo vya ufundi vinatosha kuanzia. Na ijapokuwa injini zilibuniwa Manchester, waliozitia moto, kuziendesha na kuzikarabati walikuwa pia Waafrika. Kuwaacha nje ya kumbukumbu ni kuwanyima haki yao mara ya pili.

Isitoshe, kielelezo hakipaswi kuwa kisingizio cha kuuza chuma chenyewe. Faili nazo hufa. Microsoft ilifunga studio iliyokuwa ikitengeneza Train Simulator mwaka 2009, na vilivyoundwa kwa ajili ya programu moja si lazima vifunguke katika nyingine. Yule atakayetaka kuhakikisha jambo miaka 50 ijayo atahitaji Mount Gelai yenyewe, aipime kwa mkono wake.

Mpangilio unaofaa basi ni wazi. Kwanza, wastaafu wa reli wasikilizwe na sauti zao zirekodiwe. Pili, injini mbili zilizosalia zipimwe na kupigwa picha kila upande, jinsi zilivyo. Tatu, michoro ya Manchester ilinganishwe na yale yaliyopatikana. Kielelezo cha tarakilishi kije mwisho, na nakala yake ikae Nairobi.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Injini 32 zilishapotea. Daftari la mbili zilizobaki bado linaweza kuandikwa, mradi walioziendesha wangali hai kulisahihisha.