Kompyuta ya mzee, fundi wa window na Linux Mint

Samahanini kwa kimya. Nilikuwa likizo nyumbani Wampembe, na pale kwetu mtandao unaupata vizuri ukisimama chini ya mwembe. Nimerudi chuo nimeshiba migebuka, lakini nimekuja na jambo moja linanikera, na leo nalitua.

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu. Ana laptop ya zamani, Core i3 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, inayotumia umeme wa sola. Anachapia mitihani ya majaribio ya watoto wa jirani, na yeye ndiye katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mwaka jana ikaingia virusi kutoka kwenye flashi ya mtu, folda zote zikageuka njia za mkato. Akapanda nayo mlimani mpaka mjini kwa fundi. Fundi akafanya kile ambacho mafundi wetu wengi hufanya: akapiga window upya, ya kuchakachua, bila kuuliza humo ndani mna nini. Hisa za wanachama na mikopo yote, kwisha habari. Ilibidi wakusanye vijitabu vya kila mtu waanze upya, na mama mmoja ambaye kijitabu chake kililowa mtumbwini nusura aitwe mwongo mbele ya watu. Mzee hakulala wiki nzima.

Sasa nauliza, kwa nini tunaendelea hivi? Oktoba 14, 2025 Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11, kwa masharti yao wenyewe, inataka chipu ya TPM 2.0, na kwa Intel kwa ujumla prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Laptop ya mzee haimo, na nadhani za wengi wenu hazimo pia. Mtu atasema nunua mpya. Kwa hela ipi, jamani, ya boom?

Msimamo wangu: kwa anayeanza, mwenye mashine ya zamani, aweke Linux Mint, toleo la Xfce. Nilipima kwa hali ya nyumbani, siyo ya hapa Mlimani. ChromeOS Flex ya Google ni nyepesi kujifunza, lakini kazi zake nyingi zinategemea intaneti, na mzee hawezi kuchapa mtihani chini ya mwembe. Ubuntu ni nzuri, na ina asili ya Afrika kidogo maana aliyeianzisha mwaka 2004 ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ila sura yake ilimchanganya mzee, akawa anauliza kitufe cha kuanzia kiko wapi. Zorin inapendeza, nayo ingefaa. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, kitufe kiko pale pale kona ya chini kushoto, na Xfce haili RAM. Wenyewe wanasema GB 2 inatosha kuanzia, GB 4 ndiyo ya raha. Matoleo ya 22 yatapata marekebisho ya usalama mpaka 2029.

Kwenye swali la mzee ndipo nilipopata kazi: "Mwanangu, kitu cha bure kina kasoro gani?" Nikamwambia, baba, wewe umefundisha watoto wangapi masomo ya jioni bila kuwadai? Akacheka, akasema haya weka.

Lakini tusidanganyane, kasoro zipo. Programu za Windows hazifunguki hivi hivi. Hati ya Word ukiifungua kwenye LibreOffice, majedwali wakati mwingine yanahama. Printa nyingine zinagoma, kwa hiyo jaribu yako kwanza. Na Linux haizuii diski kufa wala mtu kufuta faili. Virusi vile vya flashi vimeandikwa kwa Windows, huku havifanyi kitu, ila nakala ya pili ya daftari la kikundi lazima iwepo. Sasa mzee ana flashi maalumu kwa kazi hiyo, anaifungia kabatini.

Namna ya kuweka ni hivi. Faili lake linakaribia GB 3, lishushe hapa chuoni kabla ya likizo. Liandike kwenye flashi kwa Rufus au Etcher. Washa mashine kupitia flashi hiyo, Mint itafunguka bila kugusa diski, umwachie mwenye nayo aichezee hata siku mbili. Akiridhika, hamisha faili zake kwanza, kisha chaji betri ijae ndipo uiweke. Mimi nilisubiri jua la saa sita.

Nilichojifunza ni kwamba swali la "ipi bora" tunaliuliza vibaya. Bora ni ile ambayo mtu wa karibu anaweza kukusaidia nayo. Chuo chetu hiki hiki mwaka 2004 kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Ugumu uliobaki ni mtu wa kukaa na mzee jioni mbili akamwonyesha. Sisi wa ualimu tutapangiwa vijijini, tutakuta kompyuta za shule zimefunikwa vitambaa kwa sababu ya virusi. Tutamngoja fundi wa mjini na sisi?

Juzi mzee kanipigia. Hakusema lolote kuhusu Mint, alitaka kujua tu namna ya kuweka mstari mwekundu kwenye jedwali la mikopo. Nikajua imekubali.

Mnaonaje, wadau? Wenye flashi ya GB 8 mje chumbani, faili ninalo.