Siku Mikono Ilipotulia

Mei Mosi ya mwaka 2006, katika nchi ya Marekani, watu wasiohesabiwa waliamua kuhesabiwa. Hawakushika silaha. Waliacha kazi, wakakataa kununua na kuuza, na wengi wa watoto wao hawakwenda shule. Walivaa mashati meupe wakaingia barabarani. Mjini Chicago walikadiriwa kuwa 400,000, na huko Los Angeles walikuwa mamia ya maelfu. Wakaiita Siku Bila Wahamiaji.

Kilichowaamsha ni mswada wa sheria. Tarehe 16 Desemba, 2005, Baraza la Wawakilishi la nchi ile liliupitisha kwa kura 239 dhidi ya 182. Mswada huo ulikusudia kumhesabu kuwa mhalifu mkubwa mtu ye yote aishiye nchini bila kibali, na kumwadhibu hata yule atakayemsaidia. Watu wa namna hiyo walikisiwa wakati ule kuwa kama milioni 12. Kardinali Roger Mahony, Askofu Mkuu wa Los Angeles, alitamka kwamba sheria ikikataza kumhurumia mtu asiye na hati, atawaagiza mapadre wake wasiitii.

Kazi ya mnyonge haionekani mpaka ikome. Siku ile makampuni makubwa ya nyama, Tyson Foods na Cargill, yalifunga viwanda vyao kadha wa kadha, kwa kuwa wenyewe walijua kwamba wachinjaji na wakataji hawatafika. Mikahawa ilifungwa, na malori katika bandari ya Los Angeles yalipungua. Tajiri aliyekuwa akisema kwamba watu hawa ni mzigo aliona kwa macho yake ni nani aliyekuwa akiubeba mzigo.

Wako wasemao kwamba sheria ni sheria, na mtu aliyeingia bila ruhusa asidai haki. Neno hilo lina uzito, wala hatulidharau. Lakini tangu mwaka 1986 sheria ya nchi hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumwandika kazi mtu ambaye anajua hana kibali. Basi mbona anayefungwa pingu mara nyingi ni mwenye panga la kukatia mboga, na mwenye shamba hulala usingizi? Sheria inayomwona mmoja na kumfumbia macho mwenziwe si mizani, ni fimbo. Na mtu anayeogopa fimbo hawezi kudai mshahara wa halali. Hapo ndipo penye faida ya tajiri.

Sisi wa pande hizi hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Katika enzi ya ukoloni mashamba ya mkonge ya Tanga yalitegemea watu waliotoka mbali, wengine Ruanda-Urundi na wengine Msumbiji. Tuliwaita manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba, si kwa majina ya wazazi wao. Manamba alikuwa na namba akakosa jina. Mhamiaji wa Marekani asiye na hati hana hata namba. Wengi hulazimika kutumia namba isiyo yao, na kodi hukatwa katika mshahara wao kwa ajili ya pensheni wasiyoitazamia kuipata.

Tena tukumbuke asili ya siku yenyewe. Mei Mosi mwaka 1886 wafanya kazi wa Chicago waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Ghasia zilizofuata zilileta kesi, na mwaka 1887 watu wanne walinyongwa. Watatu kati yao walizaliwa Ujerumani. Dunia nzima ikaishika siku hiyo, nasi tunaiadhimisha, ila Marekani yenyewe huadhimisha sikukuu yake ya kazi mwezi wa Septemba. Wahamiaji waliianzisha, mwaka 2006 wahamiaji waliirudisha nyumbani.

Hata hivyo tusijidanganye. Mswada ule ulikufa, lakini tarehe 26 Oktoba, 2006, Rais Bush alitia sahihi sheria ya kujenga ukuta mpakani. Tarehe 12 Desemba maofisa waliingia katika viwanda sita vya nyama vya kampuni ya Swift wakakamata watu karibu 1,300. Wako pia waliofukuzwa kazi kwa kuandamana. Siku kama ile ilirudiwa tarehe 16 Februari, 2017. Mgomo wa siku moja huonyesha nguvu, lakini hauijengi. Nguvu hujengwa na chama.

Jambo hilo shirikisho la vyama vya wafanya kazi la Marekani, AFL-CIO, lilichelewa kulitambua. Mwezi wa Februari, 2000, ndipo lilipobadili msimamo wake na kudai wasio na hati wahalalishwe. Lilijifunza kwamba mwenyeji anayemtenga mgeni kazini humpa tajiri kisu cha kupunguzia mishahara ya wote wawili.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahamiaji wale walipewa jembe tangu siku ya kwanza, wakalima. Walichonyimwa ni mkeka. Mfanya kazi, mtazame mgeni aliye karibu nawe, kiwandani, shambani au jikoni kwako. Ikiwa umempa jembe, usimnyime mkeka.